Mkasi kwanza, kalamu baadae

Nikikutana na mtu niliyesoma nae zamani swali huwa ni lilelile, siku hizi unafanya nini, nikisema sanaa anauliza kwa hiyo unachora? Nikijibu nachora ila nashona pia na nabandika makaratasi, naona kabisa uso unabadilika, yaani ashaniweka kwenye lile kundi la watu wasiojua wanachotaka. Wengine wana nia njema tu, wananiambia dada chagua moja uikomalie. Kubishana nilishaacha, ila leo umeme umekatika, cherehani yangu ni ya miguu ingeenda tu lakini pasi haiendi na mi bila pasi sishoni, kwa hiyo ngoja niandike kinachoendelea humu ndani maana hivyo vitu vitatu kwangu havijawahi kuwa vitatu.

Humu ndani ni chumba cha uani, Mbagala, zamani kilikuwa stoo. Meza ni mlango wa nyumba iliyobomolewa, bado una tundu la kitasa na nimelizoea kiasi kwamba napitishia uzi pale. Juu kuna kamba mbili na vibanio vya nguo, kila kinachokatwa au kubandikwa kinaning'inia huko mpaka nikielewe au nikichoke. Halafu kuna mikasi miwili, mmoja umefungwa uzi mwekundu kwenye mpini, huo ni wa kitambaa na ole wake atakayeukatia karatasi. Karatasi inaua makali, kesho yake ukikata pamba inatafuna badala ya kukata. Mtoto wa dada yangu ambaye jedwali la kuzidisha bado linampiga chenga hilo la mkasi mwekundu analijua vizuri sana.

Sasa vitambaa. Kitambaa kipya ni kama sinunui kabisa, nakula mabaki ya mafundi wa mtaani. Zamani yale mabaki walikuwa wanawapa watu wa kujazia mito, sasa hivi kuna mafuko mawili yananisubiri mimi, na hapa kuna siri moja ambayo watu wakiziangalia kazi zangu hawaijui, rangi sichagui mimi, zinachaguliwa na kamati za harusi. Si unajua mambo ya sare, kamati ikisema kina mama wa upande wa bwana harusi ni zambarau basi mtaa mzima unashona zambarau, na kwenye fuko langu wiki hiyo ni zambarau juu mpaka chini, kuna kipindi ikawa kijani ya mgomba na dhahabu mpaka nikawa naiota. Watu wananisifia eti nina macho ya rangi. Macho wanayo wenyeviti wa kamati.

Ila kinachonishika zaidi kwenye mabaki sio rangi, ni maumbo. Fundi akikata gauni anaondoka na mgongo, kifua, mkono, kinachobaki chini ya meza ni ile nusu duara ya shingo, ule mwezi mwembamba wa kwenye kwapa, na zile pembe ndefu zinazotoka pembeni ya sketi. Yaani fundi anachukua mwili wa mtu, mi naletewa pale ambapo mtu hayupo. Ukizipanga mezani bila kulazimisha unaanza kuona watu wapya, kwapa la mama mmoja linakuwa mgongo wa mwingine aliyeinama. Picha zote za wanawake walioinama ambazo nimezifanya zilianza hivyo, kwenye akili yangu hakukuwa na mwanamke yeyote aliyeinama, kulikuwa na kipande kimejikunja.

Halafu kanga. Hizi nazitaka kuukuu kabisa. Kanga mpya imekakamaa kwa wanga, mkasi unaipenda lakini haianguki, na ile nyekundu yake ukiilowesha inatoa rangi inachafua kila kilicho jirani hata uroweke na chumvi. Kanga iliyofuliwa miaka, iliyobebea watoto, iliyofungwa kiunoni jikoni, hiyo nyekundu inaelekea kwenye tofali, nyeusi inakuwa kijivu chenye kahawia kwa mbali, na ukiinyanyua kwenye mwanga unaona sehemu nyuzi zimeanza kuachana, mara nyingi pale pale lilipokuwa fundo. Hapo palipokonda ndo napenda kuweka katikati ya kazi. Nawekea nyuma marekani, ile pamba ambayo haijapaushwa, naishona kwa mkono mishono midogo ili isiendelee kufa. Na hata hiyo marekani ina mambo yake, ni pamba ambayo meli za Marekani, nyingi za Salem huko Massachusetts, zilikuwa zinaishusha Zanzibar karne ya 19, zikirudi zinabeba pembe za ndovu na sandarusi, ile gundi ya mti. Kwa hiyo nyuma ya kanga yangu ya Mbagala kuna historia ya bandari, mtazamaji haioni, iko upande wa ukutani, sawa tu.

Wale wanaoniambia kukata na kuunga ni mambo ya kizungu, ya shule za sanaa, nawaambiaga kanga yenyewe ilianzaje. Inavyosimuliwa, mwishoni mwa hiyo karne ya 19 wanawake wa pwani, Zanzibar wanasema kwao Mombasa wanasema kwao, walikuwa wananunua zile leso za kuchapwa zinazokuja kwenye jora, badala ya kukatiwa moja moja wakawa wanakatiwa tatu tatu, wanaunga kipande cha juu na cha chini, zinakuwa leso sita vazi moja. Wenye maduka walipoona biashara iko wapi ndo wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa, chenye pindo pembeni na mji, yaani ile sehemu ya katikati. Maandishi yakaja baadae, ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo kolaji, yaani kukata vipande na kuviunga viwe kitu kipya, ilikuwepo uani kwetu kabla hata jina lake halijafika, na wala hakuna aliyeiita sanaa, walikuwa wanataka kitu kizuri cha kuvaa.

Kuhusu maandishi nina msimamo mkali kidogo na najua kuna wenzangu tutakosana. Mi siachi jina la kanga likae zima kwenye kazi. Ukiacha JAPO SIPATI TAMAA SIKATI ikae nzima mtu anasimama, anasoma, anacheka, anapiga picha, anaondoka, hajaangalia hata mshono mmoja. Kazi imegeuka stika ya daladala. Nikikata ikabaki SIPATI TAMAA SI, tena nusu ya juu tu ya herufi, macho yanahangaika, yanatafuta, na wakati yanatafuta yanapita kwenye kila kitu kingine nilichoweka. Na zile herufi kubwa za kanga jinsi zilivyo nene zenye pembe kali, ukizikata kwa upana zinakuwa ngazi, zinakuwa madirisha, kuna kazi moja nimejenga mtaa mzima kwa herufi A na M. Kisutu peke yake ndo sikati. Ile haina maandishi kwanza, afu kisutu ni ya bibi harusi, bibi yangu Tanga ana yake kwenye sanduku na nikiigusa na mkasi nadhani hata mvua haitanyesha.

Karatasi ziliingia kwa mlango wa nyuma. Mafundi wanachora patani zao, zile karatasi za kukatia nguo, kwenye chochote, gazeti, kalenda, karatasi ya kufungia vitu, na patani ikishachoka wanaitupa kwenye lile lile fuko langu. Nikawa nazikuta humo, mstari wa chaki au kalamu ya risasi, "kiuno 32", jina la mteja, alama ya kukunja, na katikati uso wa mgombea wa uchaguzi uliopita umekatwa kwa ajili ya kola. Sasa kweli utaacha kitu kama hicho? Nikaanza kuzibandika, kisha nikaongeza mifuko ya saruji maana huku kila siku kuna mtu anajenga. Mfuko wa saruji una karatasi zaidi ya moja, ile ya ndani imeshika vumbi lazima uipige nje ukiwa umefunga pua na mdomo, lakini karatasi yake ni ngumu, ya kahawia nzuri, ina mikunjo inayobaki, na kikubwa ni kwamba inakubali sindano.

Hapa ngoja nikae kidogo maana naulizwa sana kwenye meseji, karatasi inashonwaje. Inashonwa kwenye cherehani ya kawaida tu, Butterfly langu hili hili. Weka mshono mrefu, mrefu kabisa, sababu ukiweka mfupi sindano inatoboa vitobo vilivyoshikana na karatasi inachanika kwenye ule mstari kama stempu. Sindano tenga ya karatasi peke yake, inakuwa butu haraka na ukiirudisha kwenye hariri utalia. Chini ya karatasi weka kitambaa chepesi, hata bitana, ili uzi uwe na cha kushika. Usirudi nyuma mwishoni kufunga kama unavyofanya kwenye nguo, acha nyuzi ndefu, zifunge kwa mkono nyuma. Basi, hakuna uchawi.

Gundi natumia ile nyeupe ya mbao nimeichanganya na maji, napaka nyembamba kwa brashi. Uji wa ngano ni mzuri, ni rahisi na karatasi inalala vizuri, ila huku pwani mende wanaupenda kuliko mimi, wanakuja usiku wanakula gundi na kipande cha picha juu yake. Masika ndo usiseme, kitu kimebandikwa asubuhi jioni bado kina unyevu, siku ya tatu kina ukungu. Kwa hiyo kazi za gundi nazipeleka miezi ya kiangazi, Juni kwenda mbele upepo wa kusi ukikausha, masika nashona na kuchora. Kalenda yangu yote ya mwaka imepangwa na hilo, sio na msukumo wa kisanaa kama wanavyosema watu kwenye mahojiano.

Nikiwa kwenye karatasi siwezi kumruka Rosemary Karuga. Mkenya, amezaliwa 1928, mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 50, baada ya hapo akawa mwalimu wa shule kwa miaka mingi sana na watu wakamsahau. Alipokuja kuingia kwenye kazi yake mwenyewe kwa nguvu ilikuwa miaka ya 80, umri umeenda, hela ya rangi hana, akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akakata vipande vidogo vidogo, akatengeneza kuku, mbuzi, kina mama wa kijijini, na ukisogea karibu bado unaona ni pakiti. Alifariki 2021. Huwa watu wanamsimulia kwa kumhurumia, masikini alikosa vifaa, mi sikubaliani hata kidogo. Mtu anaweza kuanza na Rexona kwa sababu hana hela, lakini kile alichofanya nayo hakifanyiki kwa rangi ya kununua. Ile rangi ya pakiti ni ya kiwandani, haina huruma, kuku wake wana makali ambayo brashi ingeyalainisha. Hiyo ni akili ya mkono, sio umasikini.

Kutoka kwake ndo nilipata ujasiri wa kutumia kadi za michango. Kila nyumba ina droo ya kadi za michango na mialiko, zile za maua ya kung'aa na riboni, mtu anaona dhambi kuzitupa. Nazikata majina nayaondoa, siweki jina la mtu kwenye kazi, nabaki na zile pembe za dhahabu na "tunapenda kukutaarifu". Hizi kadi zimeanza kuwa adimu, siku hizi mchango unaombwa kwa WhatsApp na picha ya bwana na bibi imewekwa maua ya simu, sijui watu wa kolaji wa miaka ijayo watakata nini. Ukiweka kadi ya mchango pembeni ya baki la sare ya harusi ile ile, na imeshawahi kutokea sababu mtaa ni mmoja, unapata kitu ambacho mi mwenyewe kinanipa shida kukiangalia muda mrefu.

Na kuchora? Hapa ndo watu wananishangaa, sababu wanategemea uchore kwanza ndo ushone. Bibi alikuwa hivyo. Vile vitambaa vya makochi, unachukua kitambaa cheupe, unachora ua kwa kalamu au unapitisha karatasi ya kaboni, ndege wawili wanatazamana, KARIBU WAGENI, afu ndo unadarizi juu ya mstari. Nimekulia kwenye kazi hiyo, mistari ya kaboni ndo michoro yangu ya mwanzo kabisa. Lakini bibi alikuwa na tabia, akimpokea mtu kitambaa alichodarizi anakigeuza kwanza, anaangalia nyuma. Mbele kila mtu anajipamba, nyuma ndo unaona mtu alirukia wapi, wapi aliunga uzi, wapi alikuwa na haraka.

Basi mi nachora nyuma. Nikimaliza kushona kipande nakigeuza, nakiweka chini ya dirisha mwanga wa saa nne, nachukua kalamu nyeusi ya kawaida au kipande cha mkaa wa jikoni, nachora kile ninachokiona, mafundo, nyuzi zilizovuka kutoka ua moja kwenda jingine bila ruhusa, mstari wa cherehani uliokatika bobini ilipoisha. Sichori picha ya mbele kabisa. Kuna mchoro mmoja upo ukutani sasa hivi, upana kama wa gazeti lililofunguliwa, watu wanauona wanasema ni ramani ya mto na vijito vyake, wengine wamesema mishipa ya damu, na ni nyuma tu ya kipande cha kitenge nilipokuwa narekebisha pindo. Mchoro ukikubali naupasua, ndio, naupasua, unaingia kwenye kolaji mpya, na ile kolaji ikikaa vizuri naipeleka kwenye kitambaa, napima rangi upya, nashona. Kwa hiyo kitu kinatoka kwenye nguo kinaenda karatasi kinaenda mstari kinarudi kwenye nguo, na kila kikihama kinapoteza kitu na kuokota kingine. Ukiniambia nichague moja ni sawa na kuniambia nisimamishe kazi njiani.

Suala la bei nalo lipo, silikwepi. Alishawahi kuja mtu wa sehemu moja wanayouza sanaa, akazunguka humu, akapenda kila kitu, tulipofika kwenye hela akasema michoro ikiwekewa fremu na kioo itaenda bei nzuri ila vya kushonwa tuviweke upande wa kazi za mikono, pale na vikapu. Kitu cha kushona kilinichukua miezi, mchoro wa nyuma yake ulinichukua mchana mmoja. Nikamwuliza mchoro wangu nimeuchora kwa mguu? Akacheka, mi sikucheka, na vikapu vyenyewe nani kasema ni vya bei ndogo, mtu kakaa na ukindu toka kuvuna mpaka kusuka.

Nilikuja kusoma kuhusu Hannah Höch wa Berlin nikapata nguvu kidogo. Yule mama ukifungua vitabu vya sanaa yupo kwenye kolaji, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kukata picha za magazeti na kuzigeuza, lakini kuanzia 1916 mpaka 1926 alikuwa ameajiriwa kwenye kampuni kubwa ya magazeti, Ullstein, siku tatu kwa wiki, kazi yake ni kubuni patani za kudarizi na lesi kwa ajili ya wasomaji wa kike. Na mwaka 1920 akatengeneza kolaji kwa vipande vya patani za cherehani, kaiita ua la fundi. Kwa hiyo mkono uliokata magazeti ulikuwa umezoeshwa na lesi. Kwenye maonyesho wanakuonyesha ya magazeti, ya lesi inatajwa mstari mmoja ukutani kwa herufi ndogo.

Kilichopo mezani wiki hii, au niseme sakafuni maana meza haitoshi, ni kazi ya upana wa doti mbili, haina jina na sitaki iwe nalo kwa sasa. Chini ni marekani, juu yake mabaki ya sare tano sita tofauti nimezipanga kufuata kwapa, yaani ile miezi myembamba yote inaangalia upande mmoja, katikati kuna pindo la kanga ya korosho ya shangazi yangu ambayo imekonda mpaka unaona mkono kwa upande wa pili. Karatasi ya saruji imeingia pembeni kushoto, imeshonwa, ina mchoro wa mkaa ambao nimeupulizia gundi nyepesi usifutike lakini bado unaacha alama kwenye kidole na nimeamua uache tu. Kilichonisumbua ni uzito, karatasi inavuta upande mmoja kitambaa kinafanya tumbo, nimejaribu kushonea utepe nyuma juu mpaka chini, sasa kinaning'inia sawa ila kimepoteza ule mlegeo nilioupenda. Huenda nikautoa.

Nataka kuiona ikiwa imesimama kabla sijaamua, sakafuni kila kitu kinapendeza. Kipande cha juu nimepitisha ufito, kwenye mbao za paa kuna misumari. Kama una kadi za michango za zamani nitumie, na kanga kuukuu pia, chafu hazina shida, za kuchanika ndo nazitaka zaidi. Ngazi nimeazima kwa jirani fundi umeme na anaitaka Jumamosi asubuhi, kwa hiyo mpaka Ijumaa jioni lile pindo la juu liwe limeshonwa, na mtu wa kunishikia upande wa pili bado sijampata.